Nailoni ya Albina

Kochi la Albina lilikuwa la rangi ya maziwa, la kukaa watu watatu, na tangu liingie chumbani kwake mtaa wa Dengfeng, jijini Guangzhou, China, hapakuwa na binadamu aliyewahi kulikalia. Lilikuwa bado ndani ya nailoni yake ya kiwandani, ile nzito inayopiga kelele ukiigusa, na juu ya nailoni mwenyewe alitandika shuka kuukuu ili vumbi lisitue. Mgeni akiingia alielekezwa kwenye ndoo. Ilikuwa ndoo nyeupe iliyokuja na rangi ya ukutani, imepinduliwa, juu yake kipande cha zulia. Albina alikaa kwenye ndoo ya pili, pacha wa ile ya kwanza, na hapo ndipo alipokula ugali, alipopokea simu za wateja na alipofungia mizigo, mgongo kauegemeza kwenye kochi asilolikalia.

Usimcheke haraka. Albina hakuwa mchoyo. Wapo wafanyabiashara wa Kahama na Mwanza walioibiwa pochi katika msongamano wa soko la Zhanqian, na yeye ndiye aliyewalisha mpaka wakapanda ndege. Mtu akiugua pale mtaani Xiaobei, Albina alikwenda naye hospitali na kusimama dirishani akibishana kwa Kichina chake cha sokoni mpaka mgonjwa apokelewe. Moyo wake ulikuwa mweupe. Kilichomharibu ni mambo mawili yaliyokutana ndani ya kichwa kimoja: biashara, na nyumba aliyokuwa akiijenga Bukoba.

Kazi yake ilikuwa kupokea wanunuzi kutoka nyumbani na kuwatembeza. Asubuhi aliwapeleka kwenye majengo ya nguo ya Zhanqian, kesho yake akawapakia kwenye basi la kwenda mji wa Shiling kutafuta mikoba, na kila mahali yeye ndiye aliyekuwa mdomo wao. Laoban, yaani bosi mwenye duka, akitaja bei, Albina alijishika kifua kama mtu aliyepashwa habari ya msiba, akasema "tai gui le", ghali mno, akawageuza wateja wake mlangoni. Mara nyingi waliitwa warudi. Mzigo ukishanunuliwa alikagua zipu moja moja, akasimamia ufungaji, na akalipwa kamisheni yake. Hakukuwa na siri katika kazi hiyo, ila miguu mizuri na sauti isiyochoka.

Nyumba nayo ilikuwa Hamugembe, juu kidogo, mahali ambapo ukisimama uani unaliona ziwa. Kuta na bati zilipanda katika miaka ya mwanzo, wakati wanunuzi walipokuwa wengi na kamisheni ikiingia bila kuombwa. Baada ya hapo ikakwama. Sakafu ilibaki saruji ya kukwaruza nyayo, dari haikuwepo, milango ya ndani haikuwepo, na ukilala ulihesabu misumari ya bati mpaka usingizi ukuchukue. Kila Albina alipotaka kuimalizia, fedha ilikatwa kichwa mahali pale pale, bandarini. Alishawahi kutuma seti ya vyombo vya bafuni pamoja na mzigo wa mteja, na ushuru alioambiwa alipe ulimfanya aviuze huko huko Dar es Salaam ili ajiokoe.

Ndiyo maana neno la Mama Nelly lilimwingia kama lilivyomwingia. Mama Nelly alikuwa mfanyabiashara wa Arusha, mtu mzima, na siku ile alikuwa anaagwa kwenye mgahawa wa Haroun, yule Mmombasa mwenye pilau. Watu walimshangaa kwa nini anafungasha hadi mashine ya kufulia.

"Ukishaishi nje, halafu ukawa unarudi kwenu kabisa, vyombo vyako vya nyumbani hulipii ushuru," Mama Nelly alisema. "Ni sheria, siyo ujanja. Kile ulichokuwa unakitumia huku unakwenda kukitumia kule. Ila usibebe duka, watakukamata."

Mezani pale walikuwepo watu wengi, na wote waliyasikia maneno yote. Albina naye aliyasikia yote. Lakini mfanyabiashara ana sikio lake. Yeye alichoondoka nacho ni kwamba kitu kikikaa chumbani kwako, hicho ni chako, na kilicho chako hukilipii. Alitoka kwa Haroun anatembea haraka, akiwa ameshaanza kuona kochi ukumbini Hamugembe.

Basi akaanza kununua. Kila msimu ukimwachia kitu, kinageuka chombo. Alianza na kochi. Ikafuata meza ya kulia na viti vyake sita, kitanda cha futi sita na godoro nene lenye springi, friji ya milango miwili, jiko la gesi lenye oveni, kabati la vyombo, mapazia. Alizikamua bei kwa wenye maduka ya fanicha mpaka mmoja akawa akimwona tu anapunga mkono na kusema "meiyou, meiyou", hakuna, hakuna, wakati duka limejaa. Chumba kilikuwa kimoja na jiko dogo pembeni. Kitanda alikisimamisha ukutani. Viti alivipandisha juu ya meza, miguu ikitazama dari. Katikati kikabaki kijia cha kupita mtu kwa ubavu, na mwisho wa kijia pale alitandika kigodoro chembamba alichokuwa nacho tangu afike China, akawa analala hapo.

Majirani walikiita chumba kile duka lisilouza. Chebet, Mkenya wa Eldoret aliyekuwa akinunua simu na kuishi mlango wa pili, alikuwa akipiga hodi na kuuliza kama leo kuna ofa. Albina alicheka nao. Kichwani alikuwa na hesabu zake, na hesabu zilikuwa safi: siku moja atarudi kabisa, vyombo vitapita bila ushuru, na fedha ambayo bandari ingeila itapiga dari, itatandaza vigae, itatia milango. Nyumba itakamilika kwa pigo moja.

Lakini kwa nini asiitoe ile nailoni? Hilo ndilo watu walilouliza baadaye, na jibu lake ni rahisi kuliko wanavyodhani. Zhanqian hakuna anayetoa nailoni kabla mteja hajalipa. Shati lililotolewa kwenye nailoni ni shati lililojaribiwa, na mkoba uliotolewa kwenye nailoni bei yake imeshashuka kabla hujafungua mdomo. Albina aliishi katika sheria hiyo mpaka ikawa ngozi yake. Kuondoa nailoni kwenye kitu kizuri kwake kulikuwa sawa na kukitupia matope kwa makusudi.

Abeli, mume wake, alikuja Guangzhou alipostaafu ualimu. Walikuwa wameoana miaka mingi na wameishi pamoja michache. Binti yao Careen alilelewa na bibi yake, akasoma, akaolewa Mwanza, na mama yake akaiona harusi kwenye simu. Sasa Abeli alisema imetosha, anakuja kukaa na mkewe. Alifika jioni, miguu imevimba kwa safari, akaweka begi chini, akaliendea kochi.

"Baba Careen, hapo hapana," Albina alisema. "Hilo ni la nyumbani."

"Kwani hapa siyo nyumbani?"

"Hapa ni China."

Abeli alicheka, akakaa kwenye ndoo. Alikuwa mtu wa utani na mwanzoni alilichukulia jambo lile kama utani. Aliwapigia simu rafiki zake Bukoba akawaambia amefikia hoteli ya ndoo mbili. Alijifunza kupita kwa ubavu. Alijifunza kupika kwenye jiko dogo la umeme la sahani moja, huku jiko kubwa la gesi likiwa limesimama nyuma yake na kibandiko cha bei mlangoni. Asubuhi mkewe akienda na wanunuzi, yeye alibaki na vyombo. Alianza kuvizungumzisha, kisha akaacha.

Halafu akaugua. Ilikuwa homa ya kawaida, lakini ilimshika na mgongo, na sakafu ya chumba kile ni ya baridi na ngumu. Alimwomba Albina amshushie kitanda, siku chache tu, aulaze mgongo kwenye lile godoro nene.

"Godoro likishalaliwa na homa siyo jipya tena," Albina alimjibu. "Vumilia, mume wangu. Ni la kwako hilo hilo. Utalilalia Hamugembe mpaka ulichoke."

Alimwongezea blanketi la pili. Alimpikia uji na ndizi za kuponda, alimkanda mgongo kwa maji ya moto, na usiku alimshika paji la uso. Alifanya yote ambayo mke hufanya isipokuwa lile moja aliloombwa. Abeli alipona, akafungasha begi lake, na miezi minane baada ya kufika akarudi Bukoba.

"Nilikuja kukaa na mke wangu," alisema mlangoni, bila kupandisha sauti, "nimekuta mlinzi wa stoo."

Ilimuuma Albina, ilimuuma sana, akalia siku nzima. Lakini hata katika kulia kule hakulia juu ya kochi.

Tangu hapo walizungumza kwa simu, na walizungumza habari za saruji. Abeli alikaa Hamugembe kwenye nyumba isiyo na dari na kutoa taarifa ya nyumba kama fundi: bati moja limevuja, mchwa wamepanda kwenye fremu, jirani anauliza mpaka. Albina alitoa taarifa ya msimu. Siku moja tu Abeli aliyasema yaliyokuwa moyoni mwake. Alisema, "Ukija na nyumba, tutaishi. Ukija na stoo nyingine, mimi nitakwenda Kamachumu kwa ndugu zangu, nikae kwenye kiti."

Neno hilo Albina alilibeba kama mtu anayebeba yai mkononi. Na biashara nayo ilikuwa inamwonyesha mlango. Wanunuzi sasa walioneshwa mikoba kwenye simu wakiwa vitandani mwao Kariakoo, wakamlipa laoban moja kwa moja, mzigo ukafungwa bila Albina kuuona. Waliobaki walikuwa wachache na wabishi. Magoti yake yalianza kukataa ngazi. Kibali chake cha kuishi kilipokaribia mwisho hakuomba kingine. Alimpigia simu mumewe akamwambia anarudi, anarudi kabisa, vyombo vinapita kwa msamaha, na ushuru ambao hawatalipa ndio dari, vigae na milango.

"Haya, Mama Careen," Abeli alisema. "Njoo." Sauti yake ilikuwa mbali, lakini simu za Bukoba ndivyo zilivyo, na Albina hakuichunguza.

Aliyemfungashia alikuwa Jovin, kijana wa Karagwe mwenye ofisi ya kago palepale Xiaobei, mtu aliyejulikana kwa kutopoteza mzigo na kutodanganya makaratasi. Alikuja mchana kupima na kuandika orodha. Aliingia, akasimama kwenye kijia, akageuka huku na huku mpaka pale chumba kilipomruhusu.

"Dada, mzigo wa mteja nao unaondoka siku hiyo hiyo?"

"Mteja gani? Hivi ndivyo vyombo vyangu."

Jovin alicheka. Alipoona Albina hacheki, akaacha. Aliinua shuka, akaigusa nailoni ya kochi. Akasogea kwenye friji, akafungua mlango, akaona vipande vya povu bado vimeshikilia rafu. Akainama kwenye jiko, akakisoma kibandiko cha bei. Kisha akatafuta pa kukaa, na Albina kwa mazoea akamsogezea ndoo.

"Dada Albina," alisema, "nani alikwambia hivi vitapita bila ushuru?"

"Sheria si ipo? Nimeishi huku miaka kumi na minne. Narudi kabisa. Vyombo vyangu vya nyumbani."

"Sheria ipo, na wewe ni mtu wake hasa. Wengine wanadanganya kwamba wameishi nje, wewe umeishi kweli. Lakini msamaha ni wa vyombo ulivyokuwa unavitumia. Ofisa akifungua kontena akakuta nailoni, povu na bei, ataniuliza mimi hii ni nyumba ya nani. Hii ni bidhaa, dada. Hata mimi ningekutoza."

"Nimekaa navyo miaka yote hiyo."

"Umekaa navyo," Jovin alikubali kwa upole. "Umevitumia?"

Albina alitazama mkono wake, ule uliokuwa umeshika kona ya shuka, akaanza kuikunja kona ile na kuikunjua. Alikuwa mwanamke aliyewashinda wenye maduka Wachina kwa maneno, na sasa kijana wa Karagwe alikuwa amemshinda kwa neno moja.

"Twende hivi," Jovin alisema. "Uongo mimi siandiki, jina langu liko chini ya karatasi. Lakini usikate tamaa. Toa nailoni, kila kitu, tuone hali yake. Na unitafutie picha. Kila mtu ana picha akiwa nyumbani kwake, kakaa kwenye kochi, anakula mezani. Kama kuna hata kimoja ulichokitumia, hicho nitakitetea. Kesho mchana nitarudi."

Jovin alipoondoka Albina alifungua simu. Picha zilikuwa maelfu. Zilikuwa mikoba ya Shiling mbele na nyuma, zipu, lebo, suruali za jinzi zimepangwa kwa rangi, maboksi, namba za maboksi. Alizipitisha kwa kidole mpaka kidole kikachoka. Miaka yote ile alikuwa amepiga picha kila kitu ambacho mtu mwingine angekinunua.

Asubuhi alimwita Chebet aje watoe nailoni. Chebet alikuja na kisu cha jikoni na thermosi ya chai, akijiandaa kwa sherehe.

"Leo ni leo," alisema. "Mama, mimi nataka kuwa wa kwanza kuketi. Nimengoja hiyo seat kama visa."

Alipasua nailoni ya kochi kuanzia mgongoni. Harufu ilitoka kwanza. Ilikuwa harufu ile ile ambayo Albina alikuwa ameinusa miaka yote na kulilaumu jengo. Guangzhou ina majira yake, mwishoni mwa baridi, ambapo kuta hutoa jasho, maji yakatiririka kwenye vigae vya ngazi na nguo zikakataa kukauka wiki nzima. Unyevu ule uliingia chini ya nailoni na haukupata pa kutokea. Rangi ya maziwa ilikuwa imeota ukungu mweusi, madoa makubwa kwa madogo, kuanzia kiti mpaka mkono wa kochi. Chebet alibonyeza kwa kidole na kitambaa kikachanika.

"Maze," alisema taratibu. "Mama, hii kitu ilikuwa inapumulia wapi?"

Godoro lilikuwa hivyo hivyo, na upande uliogusa ukuta ulikuwa umegeuka kijani. Mapazia yalishikana yakawa kitu kimoja. Meza na viti vilipona, ingawa miguu ilikuwa imevimba kidogo. Friji na jiko vilipona kabisa, safi, vinang'aa, vipya kama siku vilipotoka dukani. Kwa hiyo kilichokuwa kinaweza kutumika hakikuwa kimetumika, na kilichotaka kutumika kilikuwa kimeoza kikisubiri. Albina alilitazama lile godoro. Alimkumbuka Abeli akitetemeka chini ya mablanketi mawili, mkono wake ukifika karibu kabisa na miguu ya kitanda kilichosimamishwa ukutani. Alimkumbuka akiomba siku chache tu.

"Ketini basi," alimwambia Chebet, na alisahau kwamba Chebet alikuwa peke yake.

Chebet alikaa kwenye ndoo, akammiminia chai.

Jovin aliporudi mchana aliona kila kitu bila kuelezwa. Hakusema nilikwambia. Aliuliza habari za picha, na Albina akasema labda mume wangu anazo, alikuwa anapenda kupiga picha. Bukoba ilikuwa asubuhi. Alipiga, akaiweka simu kwenye spika juu ya meza kwa kuwa mikono yake ilikuwa bado na ukungu.

"Baba Careen, ile miezi uliyokaa huku, ulipiga picha?"

"Nilipiga."

"Za humu ndani? Tukiwa tumekaa?"

"Ipo moja. Kwa nini?"

Alimweleza. Alimweleza vizuri, kwa kifupi, jinsi alivyokuwa akiwaeleza wateja wake hali ya mzigo: msamaha unataka vitu vilivyotumika, Jovin yuko hapa, tunatafuta ushahidi kwamba vilitumika. Simu ikalia kidogo, picha ikaingia.

Ndani ya picha Albina alikuwa amekaa kwenye ndoo, sahani ya bati magotini, kidole kimoja kinywani, anacheka. Alikuwa anacheka kwa kitu alichokuwa amesema mpiga picha. Nyuma yake meza imefungwa nailoni, viti juu yake, miguu hewani. Mbele yake sakafuni sufuria ya ugali, na ndoo ya pili, tupu, ambayo Abeli alikuwa ameinuka kutoka juu yake ili apige picha. Albina hakuwa amejiona akicheka vile kwa muda mrefu, na hakukumbuka siku yenyewe.

Jovin aliitazama, akamrudishia simu. "Hii tusiipeleke," alisema. Kisha akainamia simu, kwa heshima, kama mtu aliyekaribia mzee. "Shikamoo, mwalimu. Mimi Jovin, wa mzigo. Kama wewe uliishi naye humu, unaweza kuandika maelezo mafupi. Kwamba mlikuwa mkitumia meza, friji, jiko. Hata kidogo. Maneno ya mume yana uzito, yatanisaidia."

"Marahaba, mwanangu," sauti ya Abeli ilisema. "Niandike kwamba nilikula kwenye ile meza?"

"Kama ulikula."

"Sikula. Friji sikuifungua. Kitanda nilikiomba nikiwa mgonjwa." Hakusema kwa hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Mama Careen, mimi siwezi kuandika kwamba tuliishi. Siyo kwamba nakukomoa. Hatukuishi."

"Basi, basi," Albina alisema haraka. "Tutalipa ushuru. Dari itasubiri kidogo, nitakuja tutajibana. Wewe nisubiri tu hapo hapo nyumbani."

Abeli alikohoa. Nyuma yake alisikika mwanamke akiita watoto kwa Kihaya, na mbuzi, na sauti hizo hazikuwa za Hamugembe.

"Mimi niko Kamachumu," alisema. "Tangu Pasaka. Nyumba nimeifunga, ufunguo uko kwa jirani. Nilitaka ufike kwanza ndipo nikwambie, lakini umeniuliza. Ukifika, nyumba ni yako, kaa. Mimi nimechoka kusubiri vitu."

Alimuaga, akamtakia safari njema, na alimtakia kwa moyo. Simu ilizimika. Nje, mtaani Dengfeng, wauza simu walikuwa wakigombea mteja na mtu mmoja akicheka sana. Chebet alitazama sakafu. Jovin alifungua kalamu, akaifunga, akaifungua tena, kwa sababu kazi yake ilikuwa bado haijaisha na gari la mzigo alikuwa ameshaliita.

"Dada, friji, jiko, meza na kabati, niandikeje?"

"Andika bidhaa," Albina alisema.

"Utalipa zote?"

"Nitaziuza Dar. Andika mpya, haijatumika."

Jovin aliandika. Kochi na godoro walikubaliana avichukue yule mzee wa baiskeli ya magurudumu matatu anayepita akinunua takataka. Kisha Jovin alifungua ukurasa wa pili, ule wa msamaha, ambao juu yake alikuwa ameshaandika jina la Albina kwa herufi kubwa tangu jana. Ulikuwa mtupu.

"Na vyombo vya nyumbani?" aliuliza taratibu. "Vile ulivyovitumia. Hivyo ni haki yako, hakuna atakayekutoza."

Albina alizungusha macho chumbani. Ilimchukua muda, kwa sababu hakuwahi kuvitazama kama vyombo. "Jiko la sahani moja," alisema. "Sufuria mbili. Sahani za bati. Kigodoro. Mablanketi."

Jovin aliandika kila kimoja. Alipofika mwisho wa mstari aliinua kichwa, akaona alichokalia, akaona na kile alichokalia Albina.

"Ndoo nazo?"

"Nazo," Albina alisema. "Zote mbili."